Mwaka wa Pili wa Kompyuta: Maktaba, Teknolojia Mpya na Wasomaji wa Songwe

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Tunduma

Shukrani ziwaendee waandaaji kwa kuona kwamba suala la maktaba linastahili jioni nzima katika mji ambao kwa kawaida husikika redioni kwa habari za foleni ya malori, ushuru na bei ya mahindi. Shukrani za pekee ziwaendee wageni waliovuka mpaka kutoka Nakonde nchini Zambia, kwa kuwa kuwapo kwao ukumbini kunaisaidia mojawapo ya hoja za mhadhara huu hata kabla haijatamkwa.

Madhumuni ya mhadhara ni kuchunguza jinsi maktaba zinavyopokea teknolojia mpya ili kuwahudumia wasomaji wake, na kuuliza ni ipi kati ya teknolojia hizo inayoufaa Mkoa wa Songwe kwa hali yake ilivyo. Teknolojia hapa ina maana pana kuliko kompyuta. Ni kila chombo, mfumo au utaratibu unaobuniwa ili maarifa yamfikie msomaji kwa wepesi kuliko jana, na kwa maana hiyo kadi ya katalogi ilikuwa teknolojia, gari la vitabu lilikuwa teknolojia, na simu iliyo mfukoni mwa mwendesha bodaboda wa kata ya Mpemba ni teknolojia vilevile. Msimamo unaotetewa ni kwamba chombo kipya katika maktaba kinapaswa kupimwa mwaka wa pili, pale ambapo dhamana ya mashine imekwisha, mfadhili amekwishaaga, na ankara ya umeme na ya intaneti inaletwa kwa jina la maktaba yenyewe. Siku ya uzinduzi kila mashine huwaka.

Mkoa unaozungumziwa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukachukua wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, makao makuu yakiwa Vwawa. Hivyo ni mdogo kwa umri kuliko wanafunzi wote wa sekondari walioketi safu za nyuma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 mkoani, na zaidi ya laki mbili kati yao wamo katika Mji wa Tunduma. Mkoa ulio mchanga namna hii una bahati moja, nayo ni kwamba unaweza kupanga huduma zake za maktaba kabla haujazoea makosa ya waliotangulia.

Hoja ya kwanza: maktaba za Tanzania hazijawahi kukosa teknolojia mpya

Yapo mazoea ya kuizungumzia maktaba kama mahali palipolala, pakisubiri kuamshwa na kompyuta, na historia inayakataa mazoea hayo. Sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kisha Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 ikaiweka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania katika sura inayojulikana leo. Katika miaka hiyo ya mwanzo vitabu vilipelekwa vijijini kwa maboksi na kwa magari maalumu, na mkulima asiyekuwa na nauli ya kwenda mjini alifuatwa na maktaba alipo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliunganisha kipindi cha redio, kijitabu kilichochapwa kwa Kiswahili chepesi na kikundi cha majadiliano kilichokuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili wakashiriki. Anayetafuta mfano wa Kitanzania wa teknolojia mseto, yaani ile inayochanganya sauti, maandishi na watu, hana haja ya kwenda mbali kuliko hapo.

Linalofaa kuulizwa ni kwa nini magari ya vitabu yalisimama. Wasomaji walikuwapo, na vitabu, ingawa vichache, vilikuwapo pia. Kilichokosekana kadiri uchumi ulivyobana ni mafuta, matairi na vipuri, yaani gharama ambazo hazimo katika bei ya kununulia gari bali hufuata nyuma yake mwaka baada ya mwaka. Hali kama hiyo ilirudi kwa jina jingine mwishoni mwa karne, vilipofunguliwa vituo vya mawasiliano vya jamii kama kile cha Nakaseke nchini Uganda, kilichoanza mwaka 1999 kikiwa na maktaba na kompyuta chini ya paa moja, na kile cha Sengerema mkoani Mwanza, kilichofuata muda mfupi baadaye na kuwa pia na redio ya jamii. Vituo vya aina hiyo vilitegemea sehemu ya mapato yao itokane na watu wanaokuja kupiga simu na kutuma faksi. Haukupita muda mrefu kabla simu ya mkononi haijaingia kila nyumba, na mapato hayo yakayeyuka. Teknolojia iliyokuwa msingi wa hesabu ilipitwa na teknolojia nyingine kabla rangi ya ukutani haijachakaa.

Hoja ya pili: anzeni na msomaji, kisha mashine

Mtaalamu wa ukutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na mojawapo inasema kwamba kila msomaji ana kitabu chake. Kanuni hiyo ikiletwa Tunduma inazaa swali gumu: msomaji wa Tunduma ni nani?

Jibu lililozoeleka ni mwanafunzi, na ni jibu la kweli ila halitoshi. Mji huu una wakala wa forodha anayejaza matamko ya mizigo kwenye mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato na anayelazimika kujua kanuni zinapobadilika. Una dereva wa lori anayesubiri siku kadhaa zamu yake ya kuvuka, akiwa na muda mwingi na simu isiyo na chaji. Una mama muuza mchele anayepiga hesabu kwa shilingi na kwa kwacha. Una kijana aliyemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, ambaye katika takwimu si mwanafunzi wala si mfanyakazi, na ambaye kwa maoni ya mhadhara huu ndiye msomaji anayeihitaji maktaba kuliko wote.

Anayetaka kumwona kijana huyo asiende maktaba, aende steshenari. Kila aliyemo ukumbini anazijua: chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta mbili, printa, mashine ya kutolea kopi, benchi, na karatasi ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nene bei ya kuprinti, kuskani na kulaminishia. Hapo ndipo watu hujaza maombi ya ajira za serikali, huomba mkopo wa elimu ya juu, huchukua namba ya mlipa kodi na huangalia matokeo ya mitihani. Mhudumu huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, hufungua barua pepe kwa niaba ya mteja, hubuni neno la siri, kisha huliandika katika daftari la mistari linalokaa juu ya meza, mbele ya wateja wote, karibu na kikombe cha chai. Mteja akiondoka, mara nyingi hajui neno lake la siri. Akilihitaji mwezi unaofuata atarudi na kulipa tena.

Wenye steshenari wasichukulie maneno haya kuwa lawama, kwa maana wameshika kazi ambayo taasisi za umma ziliiacha wazi. Isipokuwa ni lazima isemwe kwamba kazi hiyo, yaani kumsaidia raia kupata taarifa, kuielewa na kuitumia, ndiyo kazi ya maktaba kwa tafsiri yoyote ya ukutubi, na kwamba steshenari humjazia mteja fomu ilhali maktaba ingemfundisha kuijaza. Maktaba inayotaka teknolojia ya kwanza kwa ajili ya Tunduma ingeanza na meza moja, kompyuta chache, printa, na mkutubi aliyejifunza mifumo hiyo ya serikali vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Miwani maalumu ya kuonea picha za kompyuta na roboti za kupanga vitabu, ambazo hupendeza sana katika maonyesho, zinaweza kusubiri.

Hoja ya tatu: katalogi ndiyo mlango

Katalogi ni orodha ya kila kilichomo katika maktaba, iliyopangwa ili mtu aweze kukipata kwa jina la mwandishi, kwa anwani ya kitabu au kwa mada. Zamani orodha hiyo iliandikwa kwa taipureta kwenye kadi ngumu zilizopangwa katika droo ndefu za mbao, kadi tatu au nne kwa kila kitabu, na mtu aliyehamisha kadi moja kwa uzembe alikuwa amekizika kitabu kizima. Kuazima nako kulikuwa na utaratibu wake: mfuko wa karatasi uliobandikwa ndani ya jalada, kadi ya kitabu iliyochomolewa na kuwekwa pamoja na tiketi ya mwazimaji, na muhuri wa tarehe ya kurudisha. Utaratibu huo ulifanya kazi bila umeme, na ndiyo sababu haufai kudharauliwa. Udhaifu wake ni kwamba aliyeko Itumba wilayani Ileje hakuweza kujua kilichopo Vwawa hadi afike Vwawa.

Kompyuta iliondoa udhaifu huo. UNESCO ilianza katikati ya miaka ya 1980 kuzigawia nchi zinazoendelea programu ya CDS/ISIS bila malipo, na wakutubi wengi wa Afrika Mashariki waliojifunza kuhifadhi orodha kwenye kompyuta walijifunzia hapo. Baadaye ilikuja Koha, ambayo historia yake inaifaa Songwe kuliko historia ya programu nyingine yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua nchini New Zealand, ambazo makao yake ni mji mdogo wa Levin, ziligundua kwamba mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua mfumo wa bei kubwa walikubaliana na kampuni ndogo ya Katipo iwatengenezee wao programu inayotumia intaneti na inayoweza kufanya kazi hata kwenye laini za simu zenye kasi ndogo, kisha wakaiachia dunia nzima kama programu huria, maana yake programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuirekebisha bila kulipa leseni. Ilianza kazi Januari 2000. Leo Koha inatumika katika maktaba nyingi duniani, zikiwamo za vyuo nchini Tanzania na Kenya, na zilizoizaa ni maktaba za wilaya ya mashambani.

Kwa mkoa wenye wilaya nne, Koha moja iliyowekwa Vwawa na kufikiwa kwa intaneti ingeweza kuzihudumia maktaba ya mji, maktaba za shule na rafu za vitabu zilizomo katika ofisi za kata, kila kitabu kikiwa na bakodi yake, ile mistari myeusi na myeupe inayosomwa na mashine, na kila msomaji akipata ujumbe mfupi wa simu tarehe ya kurudisha inapokaribia. Vitabu havitaongezeka hata kimoja kwa kufanya hivyo, ila vile vilivyopo vitaonekana, na shule ambayo kabati lake la vitabu hufungwa kwa kufuli mwaka mzima itaona aibu kidogo. Wakuu wa shule waliopo watasamehe.

Hoja ya nne: mkongo umepita Tunduma, Kamsamba haujafika

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa TEHAMA, yaani mtandao wa nyaya za nuru zinazobeba mawasiliano kwa kasi kubwa, ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilifika Dar es Salaam. Mkongo huo unaunganishwa na Zambia hapahapa Tunduma. Taarifa za nchi jirani isiyo na bahari hupita chini ya udongo wa mji huu zikielekea pwani, sambamba na barabara kuu na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa mtazamo wa mhandisi, Tunduma iko mahali pazuri kuliko miji mingi mikubwa.

Kwa mtazamo wa msomaji wa Kamsamba, kule chini katika bonde la Rukwa, jambo hilo halina maana yoyote. Yeye hununua bando la siku, nalo huisha kabla video ya somo la hisabati haijafika nusu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambayo vitabu vya kiada husomeka humo bila malipo, na lipo jukwaa la Shule Direct lililoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya masomo ya sekondari. Vyote ni vyema, na vyote humtaka msomaji awe na intaneti ya kudumu. Hapa ndipo mipango mingi ya maktaba za kidijitali hujikwaa, kwa sababu mpangaji huketi mahali penye mtandao.

Ipo njia ya kati ambayo haijatumiwa vya kutosha, na mhadhara huu unaomba ruhusa ya kuieleza kwa kirefu. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, iliyotolewa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 2012, ina ukubwa usiozidi kipande cha sabuni ya kuogea na hutumia umeme kidogo kiasi kwamba betri inayochajiwa kwa paneli ya jua huiendesha bila shida. Ikiwekewa programu huria ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 ili watu wasome Wikipedia pasipo intaneti, pamoja na memori kadi yenye makala, vitabu vya kiada vilivyoruhusiwa na video za masomo, huwa maktaba kamili. Inapowashwa hurusha mawimbi ya Wi-Fi katika chumba na uwanja unaoizunguka. Aliye karibu hufungua simu yake, huchagua jina la maktaba kama anavyochagua mtandao wowote, na husoma bila bando hata moja kutumika. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imo yote ndani ya kadi hiyo. Kila baada ya miezi mitatu kadi huchukuliwa kwa pikipiki hadi Tunduma, hujazwa mambo mapya kutoka kwenye intaneti yenye kasi, kisha hurudishwa. Hivyo mkongo hutumika mahali ulipo, na barabara hufanya sehemu iliyobaki.

Wanaoona utaratibu huo kuwa wa kizamani wakumbuke Garissa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa kaskazini-mashariki kwa ngamia, kwa sababu gari lingekwama mchangani na wasomaji wenyewe walikuwa wakihama na mifugo. Hakuna aliyesema ngamia ni teknolojia ya kisasa, ila vitabu vilifika, na chakula cha ngamia hakiagizwi kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Njia ya kadi isiyohitaji intaneti ina faida nyingine inayowahusu wageni wa Nakonde. Katika mji ambao simu hudaka mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kujua, kitambulisho cha uraia ni kipimo kibaya cha nani asome. Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, na ndugu wa tumbo moja wamepanga nyumba katika nchi mbili. Maktaba inaweza kuwa na sababu ya kusita kumwazima kitabu cha karatasi mtu asiyekaa nchini, kwa kuwa kitabu kikivuka huenda kisirudi. Makala inayosomwa kwenye simu ya mtu aliyeketi barazani haipungui kwa kusomwa na Mzambia.

Hoja ya tano: maktaba nayo izalishe

Teknolojia nyingi huletwa ili maarifa ya mbali yafike karibu. Kazi ya upande wa pili, yaani kuyahifadhi maarifa ya karibu ili yasipotee na ili wa mbali wayaone, husahauliwa. Kule Ndolezi wilayani Mbozi kipo kimondo maarufu, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani na kinachokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16. Vitabu vingi huandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi aliyetoka Afrika Kusini, ilhali wenyeji walikuwa wakikijua kabla yake. Walichokisema wazee kuhusu jiwe hilo, walivyoliita na walivyoliogopa, hakina rafu wala faili, na aliyekuwa akikijua akifa kinaondoka naye.

Simu ya kawaida hurekodi sauti vizuri kuliko kinasa sauti walichotumia wanahistoria wa miaka ya 1960. Maktaba ya mkoa ingeweza kuwa na hifadhi ya kidijitali, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza maandishi, picha na sauti pamoja na maelezo ya nani, lini na wapi, ambamo wanafunzi wa Ileje wangeweka masimulizi ya Kindali, wale wa Mbozi wakaweka ya Kinyiha, lugha ambayo wamisionari wa Moravian waliofungua kituo Mbozi mwaka 1899 walianza kuiandika. Programu huria ya DSpace, inayotunza tasnifu katika vyuo vikuu kadhaa nchini, inafaa kwa kazi hiyo, ingawa kwa kuanzia hata kompyuta moja yenye mpangilio mzuri wa majalada na nakala mbili za akiba ingetosha.

Kahawa nayo iingizwe katika hesabu hiyo. Mbimba, wilayani Mbozi, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, taasisi iliyotoa aina za miche zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yanayomla mkulima zaidi ya ushuru wowote. Huko Morogoro maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iliteuliwa kisheria mwaka 1991 kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo, na machapisho yake mengi yanapatikana mtandaoni, kwa Kiingereza. Kati ya mtafiti wa Mbimba, machapisho ya Morogoro na mkulima asiyesoma Kiingereza panahitajika mtu wa kuchambua, kufupisha kwa Kiswahili na kuweka katika ile kadi inayosafiri kwa pikipiki. Mtu huyo huitwa mkutubi.

Hoja ya sita: wasioona, na sheria

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu kitabu chenye hakimiliki kugeuzwa kuwa maandishi ya nukta nundu, sauti au faili inayosomeka kwa kompyuta kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya kila mchapishaji. Programu ya NVDA, iliyobuniwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, husoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini na hutolewa bure. Kiswahili nacho husomeka humo, japo kwa lafudhi itakayowachekesha watu wa Pwani. Gharama yake ni muda wa kuisakinisha na vifaa vya kusikilizia masikioni.

Ruhusa hiyo haiwahusu wengine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 bado inamlinda mwandishi, na kitabu kizima kilichopigwa picha kurasa zote na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa hakiwi halali kwa sababu aliyekisambaza ni mwalimu mwenye nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka kila taasisi inayokusanya taarifa za watu izitunze na izitumie kwa kusudi lililotajwa tu. Rekodi ya nani aliazima kitabu kuhusu ugonjwa gani ni siri ya msomaji. Lile daftari la maneno ya siri juu ya meza lingekuwa kosa kubwa zaidi likiwa katika maktaba ya umma.

Hoja ya saba: nani atalipa mwaka wa pili

Maktaba ya Dkt. Wilbert Chagula ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Ni fahari ya nchi, na wapo watakaoitumia kama kipimo cha maktaba ya kisasa. Kwa Songwe kipimo hicho hakifai, kwa sababu mwenye Chagula ni chuo kikuu kizima chenye mafundi, wanafunzi wa kompyuta na bajeti yake, wakati maktaba ya mji mdogo mara nyingi ina mkutubi mmoja ambaye pia ndiye mtunza funguo.

Hesabu ya mwaka wa pili katika mji huu ina mambo yake. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo kila kompyuta inahitaji kifaa cha kuilinda, na betri za kifaa hicho hufa. Vumbi la malori huingia ndani ya mashine na kuziba feni. Wino wa printa ni ghali, na chombo kinachotolewa msaada na mgeni huja mara nyingi na aina ya wino isiyouzwa Tunduma wala Mbeya. Mkutubi aliyepata mafunzo huhamishwa, na anayekuja huanza upya. Kwa hiyo jambo la kuulizwa kabla ya kupokea msaada wowote wa vifaa ni kama vipuri vyake vinapatikana kwa mabasi ya siku hiyo, na kama watu wawili, si mmoja, watafundishwa kuvitumia. Msaada usiojibu maswali hayo mawili ni afadhali kuukataa kwa adabu. Wapo wasiokubaliana na kauli hiyo, na hoja yao kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa ina uzito. Ila wanaoitoa wangetembelea vyumba vya kompyuta vilivyofungwa katika shule nyingi nchini, vyenye mashine zilizofunikwa vitambaa vya kufuma.

Mafunzo yenyewe yapo nchini. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, hutoa wakutubi wa ngazi ya cheti na diploma, na halmashauri ikimsomesha kijana wa hapahapa kuna uwezekano mkubwa kwamba atabaki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti za halmashauri huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya tarehe hiyo, kuanzia vikao vya vijiji na mitaa hadi kamati za maendeleo za kata. Mambo matatu yanaweza kuingizwa humo bila kusubiri jengo jipya: kifungu kidogo cha kudumu cha uendeshaji wa huduma za maktaba, kisichotegemea mfadhili, orodha moja ya kompyuta ya vitabu vyote vilivyomo katika shule za sekondari za mkoa, ambayo walimu na wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kuianza likizo ijayo, na vituo viwili vya majaribio vya maktaba isiyotumia intaneti, kimoja Kamsamba na kingine katika eneo la maegesho ya malori hapa Tunduma, vikaguliwe baada ya miezi 24 na ripoti yake isomwe hadharani, iwe nzuri au mbaya. Wenzetu wa Nakonde wakiona inafaa, kituo cha tatu kinaweza kuwekwa upande wao, na kadi zikajazwa kwa zamu.

Muda uliobaki ni wa maswali, na Mwenyekiti ameomba yaanze na vijana walioketi nyuma.